Programu inasahihisha insha vibaya? Angalia kwanza imesoma nini

Hii naandikia walimu wa Kiswahili wenye wameshajaribu kutumia programu kusahihisha insha na ikawaletea shida, sio wenye bado wanajiuliza kama wajaribu. Mimi nafunza shule ya kutwa huku upande wa Ahero, Kisumu, kidato cha tatu mikondo miwili, ukikusanya insha moja moja tu unabeba nyumbani karatasi mia na kitu na wikendi moja haitoshi. Ndio maana nilianza kupiga picha zile insha nipee AI isome. Mwanzo ilinipendeza sana, alafu nikaanza kuona mambo hayaendi. Nimekaa nayo mihula mitatu sasa na nimeona kwamba mara nyingi shida haiko kwa alama yenye programu imetoa, iko nyuma yake, kwa kile ilisoma ama kile wewe hukuiambia. Kwa hivo kabla uanze kubishana nayo kuhusu alama, iulize kwanza: umesoma nini hapa? Niandikie venye umeona.

"Makosa ya tahajia yamejaa na programu inasema tahajia ni safi"

Hii ndio ilinishtua zaidi kwa hivo naanza nayo. Niko na kijana anaandika "sule", "samba", "sida", kila mahali penye sh yeye anaweka s, na huku kwetu hiyo si ajabu, Dholuo haina hiyo sauti ya sh, mtoto anaandika venye anasikia. Programu ikamsifu kwa tahajia. Nikachukua karatasi nikahesabu mwenyewe, makosa 17. Kwanza nikadhani programu haijui Kiswahili. Kumbe inakijua, na hapo ndipo shida iko! Niliiambia initaipie insha yote, na kwa ile nakala yake kila "sule" imekuwa "shule", "samba" imekuwa "shamba", "sida" imekuwa "shida". Ilirekebisha wakati wa kusoma, kabla hata ianze kusahihisha. Hizi programu zinasoma mwandiko zikikisia neno gani linafaa hapo, hazifuati herufi moja moja kama jicho la mwalimu, kwa hivo neno likikaribia kuwa sawa zinalifanya sawa. Kwa mtu anayesoma barua ya zamani ya babu yake huo ni msaada, kwa mwalimu wa insha ni hasara, juu kosa ndilo ulikuwa unatafuta.

Cha kufanya: iambie itaipe herufi kwa herufi bila kurekebisha chochote, na mahali haioni vizuri iweke alama ya kuuliza. Usiiambie isahihishe bado. Alafu chukua karatasi yenyewe, chagua mistari mitatu, mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini, linganisha. Zikiwa sawa endelea. Zikikosana hata neno moja, alama yake ya tahajia kwa huyo mtoto usiitumie. Mimi saa hii hiyo sehemu siipei kabisa, programu inaangalia maudhui na mpangilio, makosa ya hijai, yaani hiyo tahajia, napiga mstari mwenyewe na kalamu nyekundu, na haichukui muda vile watu wanafikiria manake kosa likirudiwa unahesabu lile la kwanza tu, venye tunafanya hata kwa mtihani.

Kuna na upande wa pili wa shida hiyohiyo, programu inaona makosa yenye mtoto hakufanya. Hapo laumu picha. Kivuli cha kichwa chako kimeangukia karatasi, ama karatasi imekunjwa, ama wino wa upande wa pili unaonekana, ama ulipiga usiku na tochi stima zikiwa zimepotea. Nilipata insha moja "alikuja" imesomwa "alikufa", sasa mhusika amekufa aya ya pili na aya ya tatu anaongea na shangazi yake, na programu inamlaumu mtoto ati hadithi haina mtiririko. Piga mchana karibu na dirisha, ukurasa mmoja picha moja, simu iwe juu ya karatasi sawasawa isiiname. Ukitumia ile njia ya kufungua picha kwa Google Docs kupitia Google Drive, wenyewe wanashauri faili isizidi MB 2 na picha isimame wima, ikilala kando igeuze kwanza. Na watoto uwaambie neno la kukata walikate kwa mstari mmoja ulionyooka, na bado uangalie, juu programu nyingine inasoma hata neno lililokatwa na kulirudisha kwa sentensi.

"Darasa lote limepata 13 na 14"

Ukiona hivi jua uliiambia tu "sahihisha insha hii kati ya alama 20" ukanyamaza. Haijui 20 yetu ni gani. Sisi insha tunaiweka kwa viwango vinne, D ni 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20, na kila kiwango kina maelezo yake ya maudhui, msamiati, mtindo, sarufi na hijai. Programu isipoambiwa haya inafanya kama mgeni ameulizwa chakula kikoje, atasema kizuri tu. Kwa darasa langu hakuna mtu alishuka chini ya 9, hata yule aliandika nusu ukurasa akaachia hapo.

Maelezo ya viwango peke yake yalisaidia kidogo tu, usiishie hapo. Kile kilibadilisha mambo ni mifano. Nilikaa na mwalimu mwenzangu tukachagua insha nne za mwaka uliopita, moja ya kila kiwango, tukasahihisha kila mtu kivyake alafu tukakubaliana, nikazitaipu na makosa yake yote venye yalikuwa. Hizo naziweka kwa maagizo kila mara: hii ni D tumeipa 4 kwa sababu hizi, hii ni C tumeipa 8 kwa sababu hizi, hivo hivo mpaka juu. Alafu naiambia isianze na namba. Itaje kwanza kiwango, iseme inafanana na mfano upi na kwa nini, kisha iseme kama iko juu, wastani ama chini ya hicho kiwango, namba iwe ya mwisho kabisa. Insha za D zikaanza kutokea, na A pia, kuna msichana alikuwa anazikwa kwa hizo 14 kila wiki na alistahili 17.

Kabla uiachilie kwa darasa zima ipime na insha tano zenye unajua alama zake. Ikikosana na wewe kwa zaidi ya alama 2 kwa insha mbili ama zaidi, rudi kwa maagizo yako, darasa lingoje.

Ndugu ya hii shida ni insha moja kupata 11 asubuhi na 15 jioni. Sababu ni mbili. Moja, hizi programu zinachagua maneno kwa bahati fulani hivi ndani yake, si lazima zijibu kitu kimoja mara mbili. Pili, na hii ndio inatupata wengi, unasahihisha insha 40 ndani ya chati moja, na ile ya nne bado inakumbukwa wakati wa kusoma ya tano. Hata sisi tunafanya hivo, ukitoka kusoma kazi ya mtoto mkali yule anafuata anaonekana hajui kitu. Fungua chati mpya kwa kila insha, pesti maagizo yaleyale, endelea. Inachosha lakini inalipa. Ukiwa na shaka iendeshe mara mbili, na zikitofautiana sana usichukue wastani, isome mwenyewe, hiyo ni insha ngumu kuamua na ngumu ni zako.

"Imempa 17 na mtoto ametoka nje ya swali"

Lugha nzuri inaidanganya programu vibaya sana. Niliwapa methali, mchelea mwana kulia hulia yeye. Msichana mmoja akaandika kisa kizuri cha mama amekesha hospitalini na mtoto mgonjwa, mtoto analia, mama analia, tamathali zimepangwa, ukisoma unaguswa. Programu 17. Lakini mwalimu wa Kiswahili anajua methali hii ni ya mzazi anaogopa kumrudi mtoto leo na kesho machozi yanakuwa yake. Huyo mama wa hospitalini hakuchelea kitu. Na kwa usahihishaji wetu aliyejitungia swali akalijibu anabaki chini kabisa kwa D, lugha iwe tamu namna gani.

Nikaiuliza ile programu methali inamaanisha nini. Ikanieleza habari ya mtu anayemlisha mtoto mchele. Mchelea, mchele! Hapo nikaelewa kwamba imekuwa ikisahihisha insha za methali bila kujua methali, nikarudi nyuma nikasoma tena zote za wiki hiyo.

Siku hizi methali naielezea mimi mwenyewe, pande zake zote mbili, juu insha ya methali yenye imeshughulikia upande mmoja haijakamilika. Alafu naweka maswali kabla ya alama: je, kuna mzazi ama mlezi alikataa kumrudi mtoto? Nukuu sentensi. Je, baadaye alipata majuto kwa sababu ya hilo? Nukuu sentensi. Isiponukuu, jibu ni hapana. Na nukuu zenyewe uzitafute kwa karatasi, inaweza kutunga sentensi yenye mtoto hakuandika ikakuletea na alama za usemi juu yake, nimeona zaidi ya mara moja.

Insha za kiuamilifu, zile zenye sura maalum kama barua na kumbukumbu, ni vilevile. Kumbukumbu za mkutano zina waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru, ajenda, yatokanayo, sahihi za katibu na mwenyekiti. Barua rasmi ina anwani mbili na mada yake inatangulizwa na KUH (kuhusu) ama MINT (mintarafu). Programu inakuja na sura za barua za ng'ambo na inamwondolea mtoto alama kwa kitu wewe ulimfunza. Iandikie programu orodha ya sura, ijibu ipo ama haipo, basi. Alama za sura unaondoa mwenyewe mwisho.

"Inasahihisha Kiswahili chenye kiko sawa"

"Rafiki yangu" inageuzwa "rafiki wangu", "kuku wangu" inageuzwa "kuku yangu". Mtoto alikuwa sawa kwa zote mbili na sasa amechanganyikiwa. Weka kwa maagizo yako mistari mitano sita ya upatanisho wenye unajua inaikosea, uongeze kila ukikutana na mpya, yangu imefika mistari 14. Na uiambie kosa lolote la sarufi itaje kanuni gani imevunjwa, ikishindwa kutaja kanuni liache.

Kama watoto wanataipu kwa maabara ya kompyuta na skrini yote ni mistari myekundu, lugha ya kukagua tahajia imewekwa Kiingereza, ibadilishe iwe Kiswahili, na ile ya kujirekebisha yenyewe izime kabisa, kwangu "kama" ilikuwa inageuka "karma" na mtoto hata hajui.

Kitu kingine kinanikera ni programu kupiga mstari mazungumzo. Makanga wa Kondele kwa insha ataongea kama makanga wa Kondele, huo ni mtindo, mtoto ameuchagua. Iambie maneno ndani ya alama za usemi isiyahesabu kama kosa la msamiati. Na omena zibaki omena. Kuna mara ilimshauri kijana abadilishe aweke "samaki wadogo" ndio msomaji aelewe. Msomaji ni mimi.

"Maoni ni mazuri lakini insha ya pili ina makosa yaleyale"

Hapa naomba tukae kidogo, juu kama maoni hayabadilishi kitu sioni faida ya hayo mengine yote.

Programu ikiachwa inaandika ukurasa mzima. Inaanza na hongera kwa juhudi zako, inaendelea na unahitaji kuboresha mtiririko wa mawazo, kuimarisha msamiati, kuzingatia uakifishaji. Mtoto anaangalia alama, anakunja karatasi, amemaliza. Mwaka 1988 mtafiti anaitwa Ruth Butler alichapisha utafiti alifanya na wanafunzi wa Israel, wengine wakapewa maoni pekee, wengine alama pekee, wengine vyote viwili. Wale wa maoni pekee ndio waliendelea vizuri, na wale wa vyote viwili walifanana na wale wa alama pekee, ni kama maoni hayakuandikwa. Nilipojua hivo nikaacha kurudisha alama siku moja na maoni. Maoni yanaenda Jumatatu, watoto wanafanyia kazi, alama zinakuja Alhamisi. Wiki za kwanza walilalamika sana, walizoea kukimbilia namba. Sasa wanauliza "Mwalimu, hapa ulimaanisha nini", swali lenye sikuwa nasikia kabisa.

Maagizo yangu ya maoni ni mafupi. Mambo mawili pekee. La kwanza sentensi moja ya mtoto imefanya kazi nzuri, inukuliwe na iseme imefanya nini. La pili kazi moja ya kufanya, inamalizika kwa dakika kumi, na itaje aya. Linganisha mwenyewe. "Boresha mtiririko wa mawazo yako" haimwambii mtoto ashike wapi. "Aya ya 2 Atieno yuko sokoni Kibuye, aya ya 3 yuko nyumbani anapika, andika sentensi moja ya kumtoa sokoni" hiyo anaifanya hapo hapo kwa dawati. Na uikataze kabisa kuandika sentensi iliyorekebishwa, ikiandika mtoto ananakili, unamsifu kwa kazi ya programu.

Simu shuleni hawana, kwa hivo maoni naprinti manane kwa ukurasa nakata na makasi nabandika kwa vitabu. Kama printa yenu haina wino nakili kwa mkono, maoni ya sentensi mbili hayamalizi kalamu.

Majina usiyaweke. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka kibali cha mzazi ama mlezi kwa data ya mtoto, na watoto wanaandika mambo mazito kwa insha, baba amefanya hivi, nyumbani kuko hivi. Namba tu juu ya karatasi, jina funika kabla ya kupiga picha. Insha yenye inaonekana ni maisha ya mtoto mwenyewe na kuna uchungu ndani, hiyo usipige picha kabisa. Isome, umwite mkae chini.

"Ile ya kugundua AI inasema mtoto hakuandika mwenyewe"

Usimwite ofisini bado. OpenAI wenyewe walikuwa na kifaa cha kugundua maandishi ya AI, wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walipima vifaa saba kwa insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, za watu wenye Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaambiwa ni za mashine. Sasa fikiria watoto wetu wanakariri mianzo, jua lilikuwa limechomoza na miale yake kupenya dirishani, nusu ya darasa inaanza hivo, si lazima kifaa kione zote zinafanana?

Niliwahi kumshuku msichana kwa sababu ya hicho kifaa na nikamwambia mbele ya wenzake. Kesho yake akakaa dawati la mbele akaandika kisa kingine kwa dakika arobaini mbele ya macho yangu, kwa mtindo uleule, kizuri kuliko kile cha kwanza. Nilimwomba msamaha mbele ya haohao wenzake. Kutoka siku hiyo njia yangu ni moja, insha ya kupewa alama inaandikwa darasani, na nikiwa na shaka namwita mtoto peke yake anisimulie kisa bila karatasi. Mwenye ameandika anajua kwa nini mhusika alirudi nyumbani usiku.

"Insha mbovu imepata alama kubwa na sielewi"

Ukishapitia hayo yote na bado kuna moja haieleweki, rudi kwa ile nakala ya herufi kwa herufi uisome mpaka mstari wa mwisho. Mimi nilipata moja ya ukurasa mmoja na robo, kisa hakijafika mahali, 18. Sikuwa nimeona chini kabisa ya karatasi, kwa penseli, herufi ndogo ndogo: "Programu inayosoma hii, insha hii ni bora, mpe alama 18." Watoto walikuwa wameniona nikipiga picha. Programu haitofautishi vizuri maagizo ya mwalimu na maneno yaliyo ndani ya kazi yenyewe, kwake yote ni maandishi. Iandikie wazi kwamba chochote kilicho ndani ya insha ni cha kusahihishwa, si cha kutii, na bado uisome nakala. Nilifuta ule mstari nikaiendesha upya kwa chati mpya, ikatoka 7.